Wodi ya Mfano

Jumatatu, 4 Machi

Kitinda,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha kwamba nilikubeba mpaka ukaona aibu mwenyewe ukashuka.

Barua ya wizara yenu imefika. Wodi yangu ya wazazi inafungwa mwisho wa Aprili, "kwa kuwa idadi ya wanaojifungua hailingani na gharama za uendeshaji". Nilimsomea muuguzi mwenzangu kwa sauti, tukacheka, kisha tukaacha kucheka. Serikali ile ile iliyotubandikia ukutani bango la mama anayetabasamu na watoto wanne ndiyo inayotuondolea vitanda. Watu wakazalie wapi? Hospitali ya mkoa iko ng'ambo ya mlima, na mvua ikinyesha ile barabara unaijua.

Sikatai kwamba wanaozaa ni wachache. Duka la nguo za watoto pale stendi siku hizi linauza makava ya simu. Shule imeunganisha darasa la kwanza na la pili. Juzi nilimuuliza msusi wangu, mwanamke mwenye mume na kazi yake, anangoja nini. Akanijibu huku akinivuta nywele: "Waziri akikubali kuja kubembeleza usiku, mimi hata kesho nazaa." Kwa sasa ninayemtarajia ni mmoja tu, mke wa seremala wa mtaa wa juu. Ni kiziwi, na mimi na yeye tunaelewana kwa kuoneshana vidole kama watu wanaopatana bei gizani.

Ijumaa nilimwita aje kutazama televisheni ya wodini, kwa sababu nilijua wifi atakuwa kwenye kona ya kioo akitafsiri hotuba ya Waziri kwa lugha ya alama. Mama wa watu alikuwa anafuata kila neno, amesogeza kiti mpaka magoti yanagusa meza. Waziri aliposema, "Mwanamke anayekataa kuzaa analiibia taifa," mikono ya wifi ikasimama. Haikushuka wala haikupanda. Alibaki vile vile akitutazama mpaka wakamwondoa kwenye picha. Mke wa seremala akanigeukia, akauliza kwa uso: amesemaje? Nikamwonesha lile bango la ukutani.

Kuna nini huko kwenu? Na hii wodi, huwezi kunisaidia? Si ndiyo idara yako?

Dada yako


Jumatatu, 11 Machi

Dada, shikamoo.

Kwanza usinipigie simu kuhusu mambo haya. Simu niliyo nayo ni ya ofisi, na ofisi haioni haya kusikiliza simu zake. Andika, umkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, nitaifuata mwenyewe stendi.

Pili, idara si yangu. Mimi ni afisa tu katika Idara ya Ustawi wa Vizazi. Juu yangu yupo Mkurugenzi, na Mkurugenzi ana macho ya kuku anayetafuta punje. Ukiniuliza kuhusu sera yenyewe, nitakuambia ninachokiamini: tukiendelea hivi, nchi itakuja kuwa wodi kubwa ya wazee isiyo na wauguzi. Hilo si domo la Waziri, hata wewe unaliona hapo mtaani kwako. Ule waraka wa kufunga wodi ndogo sikuuandika mimi, ingawa ulipita mezani kwangu.

Wifi yako wamempa likizo "mpaka afya itengemae". Nyumbani haongei. Dada, wewe si mtu wa kufichwa. Huu ni mwaka wetu wa sita kwenye ndoa, na ofisini nimekuwa mfano mbaya. Mwezi uliopita Mkurugenzi aliniambia mbele ya watu, "Wewe bwana unauza mbegu ambazo hujawahi kupanda." Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao. Barua ya kunipandisha cheo iko kwenye droo yake, na nadhani ndiko itakakozeekea.

Yeye hataki. Nikigusia habari ya mtoto anainuka, anakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Jumamosi namleta kwako apumzike. Nakuomba jambo moja. Wewe ni mkunga, wanawake hukuambia wasiyowaambia waume zao. Jua kwa nini hataki, unijulishe.

Kuhusu wodi, Idara inatafuta wodi moja ya mji mdogo iwe ya mfano: ibaki wazi, ipakwe rangi, iletewe vifaa vipya. Mji wenu naweza kuupendekeza. Ila unajua wenyewe walivyosema, mkono mtupu haulambwi.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumapili, 24 Machi

Kitinda,

Wifi alifika salama. Amekonda, lakini mikono yake imeanza kusema tena. Alinifuata kliniki siku mke wa seremala alipokuja kupimwa, wakakaa kwenye benchi wakaanza. Miezi yote hii nilidhani yule mwanamke ni mpole. Kumbe maneno anayo, na vijembe anavyo. Tangu mimba ikiwa changa alikuwa na swali ambalo sikuwahi kulielewa, nikawa namjibu kwa kumpa vidonge vya damu. Alitaka kujua hivi: yeye akiwa amelala na mume yuko kazini, mtoto akilia, nani atamwamsha? Nilijisikia mjinga.

Sasa sikiliza. Alhamisi tulikuwa tunakunja mashuka ya wodini, mimi upande huu na yeye ule. Akasema tu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Wangu walimfunga kwenye shuka kama hili."

Nikamuuliza, "Wako nani?"

Akanitazama akidhani namtania. "Binti yangu, wifi. Kwani hukuambiwa?"

Tulilishika lile shuka hivyo hivyo, hakuna aliyeweza kuliachia.

Mlipata mtoto, Kitinda. Alizaliwa alfajiri, adhuhuri akaenda, mkazika. Na mimi niliyekukata kucha zako za kwanza ukaniambia wifi amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Nilituma pole ya kidole tumbo. Nilituma na mchaichai.

Umeniuliza kwa nini hataki. Sasa nimejua yote, na si kifo cha mtoto peke yake. Lakini aliniambia yeye akiwa mgonjwa na mimi nikiwa mkunga, na maneno ya namna hiyo yakishaingia kifuani hayatoki kwa kuombwa, hata na ndugu. Muulize mwenyewe. Muulize kama mtu anayetaka kusikia jibu.

Kuhusu wodi ya mfano, usinirushie mfupa uliofungwa kamba.

Anakula kidogo. Harufu ya dawa ya kudekia inamkera, mara kwa mara anatoka nje kuvuta hewa. Nadhani ni uchovu.

Dada yako


Ijumaa, 29 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako niliisomea pale pale stendi. Una haki ya kunikasirikia. Lakini ningekuambiaje? Mimba yenyewe hatukuwa tumekutajia, tulitaka kukushtukiza na mtoto. Ningeanza kusema, ungenisikia ninalia, ungepanda basi ukaja. Na ukija wewe, jambo huwa limeshakuwa kweli.

Ila kuna sentensi moja katika barua yako nimeirudia mpaka karatasi imelegea. Hiyo ya harufu ya dawa ya kudekia. Dada, umeona watu wengi. Huo ni uchovu kweli?

Acha nikuambie jambo, na unielewe kabla ya kunihukumu. Wifi yako ana kikopo cha bati, anasema ni dawa za kichwa. Mwaka jana nilikipeleka kwa mfamasia, nikaambiwa ni vidonge vya kuzuia mimba. Sikugombana naye. Niliona nikigombana nitampoteza. Kwa hiyo tangu Januari vilivyomo kwenye kile kikopo ni vitamini. Vinafanana, nimevichagua kwa makini. Sikufanya kwa ubaya. Hofu ni kama mlango uliokwama: mtu anahitaji kusukumwa kidogo tu, akishaingia anashangaa alikuwa akiogopa nini. Akimshika mtoto mwingine mikononi atapona. Na mimi nitapona.

Nimemdokeza Mkurugenzi kwamba huenda mambo yamejibu. Alinikumbatia, dada. Mtu ambaye kwa miaka alikuwa ananipita kwenye korido kama ndoo ya maji machafu. Wodi yenu imepanda juu kabisa, na wiki ijayo wanapiga picha za kampeni na mimi nimo. Mtoto wa afisa wa Idara, azaliwe mji mdogo, mikononi mwa shangazi yake. Hakuna atakayethubutu kuigusa wodi hiyo tena.

Usimwambie kitu kwa sasa. Mlishe, mtulize, unijulishe ukiwa na hakika.

Kitinda


Jumanne, 2 Aprili

Mume wangu,

Dada yako aliisoma barua yako akiwa amesimama mlangoni. Alipofika katikati akakaa kwenye ngazi, akamaliza, akaninyooshea. Alisema, "Hii si yangu kukuficha." Usimlaumu. Angenificha, nisingekuwa na mtu hata mmoja wa kumwamini katika ukoo wenu.

Nikueleze sasa lile ulilomtuma dada alichunguze.

Siku binti yetu alipozaliwa, mfuko wangu wa uzazi ulichanika. Wewe ulikuwa umekwenda kutafuta shimo la kumlaza. Daktari akaja akakaa kitandani kwangu, akaniambia amenishona lakini kovu ni baya, na mimba nyingine inaweza kuniua. Akauliza kama akuite uelezwe. Nikamwambia nitakueleza mwenyewe. Uliporudi ulikuwa na udongo kwenye viatu, ukanishika uso, ukasema, "Usijali, tutapata mwingine." Nikashindwa. Kesho yake nikashindwa tena. Baadaye ukahamishiwa Idara hiyo, na nyumba ikajaa mabango. Niliogopa kwamba ukijua utaniacha. Au utabaki, kisha kila Mkurugenzi akikudhihaki uje uniangalie mimi. Hapo nilikosea, nakiri. Mtu humwambia mumewe.

Lakini kila asubuhi nilikuwa nameza kile kidonge mbele yako, na wewe ukiniuliza, "Kichwa bado?" Uliniuliza hivyo Januari yote na Februari yote. Ulikuwa unajua kilichomo mdomoni mwangu, mimi sijui. Mimi nilikuficha habari za mwili wangu. Wewe uliuchukua mwili wenyewe.

Watu walisema niligoma mbele ya kamera. Sikugoma. Nilitafuta alama ya "kukataa", mikono ikaniletea alama ya "kushindwa", nikawa nimekwama kati ya mbili hizo na nchi nzima inanitazama.

Kipimo cha jana kinasema nina mimba. Nina maumivu upande wa chini, si makali, ila yako pale pale lilipo kovu. Keshokutwa dada ananipeleka hospitali ya mkoa kwa ultrasaundi. Usije.

Mkeo


Alhamisi, 4 Aprili
Hospitali ya mkoa

Kitinda,

Barua hii anakuletea seremala kwa mkono wake. Nimekupigia simu licha ya katazo lako. Binti wa ofisini akasema mko kwenye mazoezi ya picha, nimpe ujumbe. Huu si ujumbe wa kumpa binti wa ofisini.

Mimba imejishika ndani ya kovu lenyewe. Nilikiona kile kioo kwa macho yangu, na daktari alinionesha bila mimi kuuliza: ukuta uliobaki hapo ni mwembamba kama karatasi ya sigara. Mimba iliyokaa mahali pale haimfikishi mama kwenye kujifungua. Itapasua, na ikipasua damu haingoji mtu. Inatakiwa itolewe sasa hivi.

Daktari ni kijana, na si mbaya. Alifunga mlango akaniambia, "Mama, ninachokiona nakiona. Lakini tangu sheria mpya itoke, nikiigusa mimba bila kibali cha Kamati ya Ridhaa wananinyang'anya leseni na kunifunga. Mwenzangu wa hospitali ya jirani yuko ndani hivi sasa."

Nikamuuliza, "Na akianza kutoka damu?"

"Akitoka damu nyingi ni dharura, hapo sihitaji kibali."

"Kwa hiyo unasubiri damu."

Alitazama viatu vyake. "Sheria ndiyo inasubiri damu, mama. Mimi nimeweka chumba cha upasuaji tayari."

Kamati inakaa mwisho wa mwezi. Inakaa kwenye jengo lenu, ghorofa ya juu yako, na mapendekezo yanayofika mezani kwake yanapitia Idara yenu. Wewe ndiye mume na wewe ndiye afisa. Sitakuambia la kufanya, umekuwa mtu mzima. Nakuambia tu kwamba wifi amelazwa kitanda cha dirishani, hawamruhusu hata kwenda chooni peke yake, na kila akikohoa mimi nafunua shuka.

Seremala si mtu wa maneno, lakini hatatoka mlangoni kwako bila karatasi. Ni mtu aliyezoea kungoja gundi ikauke.

Dada yako


Ijumaa, 5 Aprili

Mke wangu,

Naandika nikiwa kwenye ngazi za jengo letu. Seremala amesimama pembeni, kofia mkononi, ananingoja.

Barua yako niliipata juzi jioni. Lazima ulijue hilo. Niliisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni kama bili ya maji, na jana nikaenda kwenye mazoezi ya picha. Leo asubuhi pia nilivaa tai ya Idara. Nilikuwa najiambia ultrasaundi itatoa habari njema, kisha nitakuomba radhi mambo yakiwa mazuri. Nilikuwa chini ya zile taa za mpiga picha seremala alipofunguliwa mlango. Alinipa barua ya dada mbele ya watu wote, akasema neno moja: "Soma."

Nilimfuata Mkurugenzi ofisini. Akaisoma, akairudisha. "Madaktari wa mikoani huogopa hata kivuli," akasema. "Kamati itakaa mwisho wa mwezi, tutaangalia. Mabango yenu yanaingia mtamboni leo, unajua?"

Nikamwambia nataka kumwona Mwenyekiti wa Kamati sasa hivi.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nilimbadilishia mke wangu vidonge, na sasa anaweza kufa."

Akainuka akafunga mlango. "Kaa. Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu, dada yangu, na seremala."

"Seremala gani?"

"Huyo uliyemfungia mlango."

Sikukaa. Nilipanda ngazi na seremala nyuma yangu. Mwenyekiti ni mwanasheria mstaafu, mama mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama naelewa kwamba ninajitungia mashitaka kwa kinywa changu. Nikasema naelewa. Akauliza kwa nini nimesema leo na si Januari. Nikasema, "Kwa sababu leo daktari anasubiri damu." Sikuwa na jibu bora zaidi, na yeye aliona kwamba si jibu. Akawapigia wajumbe simu mmoja mmoja, wengine wakikubali, mmoja akikataa, mmoja akitaka kwanza aelezwe kama mume ameridhia. Saini zilitimia mchana. Mwenye mhuri alikuwa ametoka kula, na alikula kwa utulivu sana. Nimewapigia hospitali nikawasomea kibali neno kwa neno, wanataka karatasi yenyewe yenye mhuri.

Iko ndani ya bahasha hii. Basi la jioni linaondoka na seremala, karatasi itakuwa hapo kesho. Mimi sipandi. Ulisema nisije. Nakumbuka maneno mengi uliyowahi kuniambia ambayo niliyasikia nusu. Hili nimelisikia lote. Sitakuja mpaka uniite.

Mumeo


Jumapili, 7 Aprili

Kitinda,

Yu hai. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yanayofuata.

Damu ilianza jana alfajiri. Alinishika mkono, akasema, "Wifi, kuna kitu kimeachia," na uso wake ukageuka rangi nikiwa namtazama. Yule daktari kijana alikuja mbio amevaa kiatu kimoja. Hakuna aliyeuliza kibali. Walimwongezea damu chupa juu ya chupa, na nilikuwa mle ndani maana nilikataa kutoka. Mfuko wa uzazi umeondolewa, haukushoneka.

Seremala alifika wakati wanamrudisha wodini. Alikuwa ameibeba bahasha kifuani, ndani ya shati, basi lilikwama matopeni mlimani na sehemu kubwa ya mlima ameipanda kwa miguu. Daktari aliipokea, akaisoma, akaiweka kwenye faili, akaenda kunawa. Ndiyo hivyo. Nisingependa ujidanganye kwamba karatasi yako ndiyo iliyomwokoa. Ilifika imechelewa. Ingawa kama usingeipeleka kabisa, sijui leo ningekuandikia kwa jina gani.

Nimekuwa mkunga maisha yangu yote ya kazi, na nimeona waume wakifanya mengi. Hili la kikopo sikuwahi kuliona. Nimekukasirikia kiasi kwamba nikikuwaza mkono wangu unatafuta fimbo. Na bado jana, walipomsukuma kupita mlango ule, nilitamani uwe hapo nikushike. Sijui nifanye nini na mambo mawili haya. Nayaacha yakae.

Dada yako


Jumatano, 15 Mei

Wewe,

Barua zako zote zimefika. Nimefungua moja. Nyingine ziko juu ya kabati la dada, na yeye hazigusi.

Najua wamekufukuza kazi. Najua kesi itasomwa mwezi ujao na kwamba nitaitwa kutoa ushahidi. Nitakwenda, na nitasema kilichotokea, bila kuongeza chumvi wala kukupunguzia. Ukitaka kunichukia kwa hilo, anza mapema.

Wodi ya dada ilifungwa siku ile ile waliyosema. Walikuja vijana wawili na lori, wakachukua vitanda na mizani, wakaliacha bango ukutani. Wiki iliyofuata mke wa seremala akashikwa na uchungu, mvua inanyesha, barabara ya mlimani imekatika. Dada hakuomba ruhusa ya mtu. Alilifungua lile jengo, tukatandika mashuka sakafuni. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya macho ya yule mwanamke na kumwambia anachosema dada. Alinitukana kwa mikono yote miwili, baadhi ya alama nilikuwa sijawahi kuziona. Mtoto ni wa kiume, ana kichwa kikubwa kama cha baba yake. Alipolia nilimkabidhi kwa mama yake, nikatoka uani, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka nikaweza kurudi. Hakuna aliyenifuata, na niliwashukuru kwa hilo. Sasa dada ana barua ya nidhamu ya kuvunja amri. Ameifungia vitunguu.

Katika ile barua moja niliyoifungua umeniuliza kama kuna siku nitarudi nyumbani. Nimeliwaza swali hilo kwa haki, maana kabla ya kikopo kulikuwa na miaka, na katika miaka hiyo hukuwa mtu mbaya. Ulikuwa unaniachia upande wa kitanda usio na baridi. Ulijifunza alama zangu ili tuweze kuwasengenya watu mbele yao. Hayo sijayasahau, na ndiyo yanayonikosesha usingizi kuliko maumivu. Mtu mbaya tupu ningemwacha asubuhi moja.

Sirudi katika nyumba ile. Hilo nimelikata. Kuhusu wewe mwenyewe, sijui bado, na sitaki kusema uongo kwa kukuonea huruma.

Lakini kuna kaburi ambalo tulilichimba wawili na hatukuwahi kulirudia wawili. Wewe ulikwenda na Idara yako, mimi na vidonge vyangu, kila mtu akamwacha mtoto kwa mwenzake. Dada anataka kwenda kumwona. Anasema yeye ni shangazi na hajawahi kusalimiwa. Tutakuwa hapo Jumamosi, asubuhi.

Ulisema hutakuja mpaka nikuite. Basi nakuita. Njoo asubuhi, tusafishe majani, tumwambie dada jina tulilokuwa tumempa, kisha tukae tuongee, na safari hii kila mmoja amalize sentensi yake. Jioni utapanda basi lako na mimi nitapanda langu. Kama kutakuwa na siku nyingine baada ya hiyo, mimi ndiye nitakayesema.

Mimi